Swali la lugha: Rimoti ya vifaa vingi, na kodi isiyolipwa popote

"Shikamoo mwalimu," ameandika msomaji wetu wa Tanga. "Nina duka la vifaa vya runinga na wateja wangu wengi ni watu wazima. Nimewaandikia karatasi ya maelekezo ya zile rimoti zinazotumika kwa tv yoyote, jinsi ya kuzifanya zikubaliane na tv boksi za intaneti. Nimeandika 'rimoti ya ulimwengu', 'ingiza kodi', 'bonyeza na shikilia', 'oanisha'. Mzee mmoja amesoma akaniuliza hiyo kodi inalipwa wapi. Nisaidie kuirekebisha. Na je, tv boksi ni king'amuzi, na rimoti niiite kitenzambali?"

Marahaba. Mzee huyo amekuhariri vizuri, kwa hiyo naanza na neno lake. Kodi tunayoijua ni ya nyumba au ya serikali. Katika "postikodi" neno hilo halimsumbui mtu kwa sababu limeshikana na posta, lakini likisimama peke yake nyuma ya "ingiza" au "weka", msomaji atawaza fedha, na ana haki. Neno tulilo nalo ni msimbo, wingi wake misimbo. Kwa kuwa si wote waliolizoea, lifafanue mara ya kwanza tu: "msimbo, yaani namba ya kuitambulisha tv yako kwa rimoti". Usiandike "namba ya siri". Namba ya siri hufichwa, na hii imechapwa kwenye kijitabu kilichomo ndani ya paketi ili kila mtu aisome.

"Rimoti ya ulimwengu" nayo iache. Haki za binadamu ni za ulimwengu; rimoti ni ya sebuleni. Wengine huandika "rimoti ya jumla", na hapo mfanyabiashara mwenzako atadhani unauza kwa bei ya jumla. Mitaani watu husema "rimoti ya tv zote", ambayo inaeleweka mara moja, ila mimi nakushauri uandike "rimoti ya vifaa vingi". Neno "zote" linaahidi kitu ambacho rimoti hiyo haina, na mteja akishatoa pesa yake ahadi hiyo itakurudia wewe dukani.

Hapa ndipo lugha na ufundi vinaposhikana, nami nataka nikae kidogo. Rimoti nyingi za bei nafuu hutuma mwanga wa infraredi, ambao jicho letu haliuoni. Ili kifaa kiupokee, lazima kiwe na jicho lake la kupokelea. (Andika jicho tu. Kijicho ni husuda.) Sasa, si kila kifaa cha intaneti kina jicho hilo. Apple TV inalo. Fire TV Stick haina. Rimoti yake huzungumza nayo kwa Bluetooth. Mtu anaweza kujaribu misimbo yote ya kijitabu mbele ya Fire TV Stick mpaka betri zimwishie, asipate kitu, kwa sababu anamulika kifaa kisichoona.

Kwa hiyo vitenzi vyako visichanganywe. Kwa rimoti ya mwanga, sema "weka msimbo". Kama rimoti mpya inachukua ishara kutoka kwa ile ya zamani, zikiwa zimeelekezana vichwa, kitenzi chake ni kunakili. Apple TV inafanya kinyume chake: yenyewe ndiyo inayoshika ishara za rimoti ngeni, kitufe kimoja kimoja, na hapo kukariri kunafaa sana. "Oanisha" ibaki kwa Bluetooth peke yake. Ni neno zuri. Mambo yanayooana ni yanayopatana, na kuoanisha ni kuyapatanisha; ndivyo vifaa viwili vya Bluetooth vinavyofanya, kila kimoja kikimkubali mwenzake. Rimoti ya mwanga haina mapatano ya namna hiyo. Inamulika tu, na anayeona aone. Ukimwandikia mteja "oanisha" mahali pa "weka msimbo", utamtuma kwenye menyu ya Bluetooth kutafuta kifaa ambacho hakitatokea kamwe.

Umeuliza pia kama tv boksi ni king'amuzi. King'amuzi ni neno ninalolipenda mno: lilienea Tanzania tulipohamia matangazo ya dijitali, na mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilipozimwa mwisho wa 2012 hapakuwa na haja ya kumfafanulia mtu. Limetoka kwenye kung'amua, kutambua kilichofichika. Lakini watu wameshalifunga kwenye antena na dishi. Ukiandika king'amuzi, mteja atauliza kifurushi cha mwezi. Acha tv boksi, au andika kisanduku cha intaneti.

Kuhusu kitenzambali: kimeundwa kwa kanuni zetu, na gazetini sikikatai. Kwenye karatasi ya dukani, rimoti inatosha. Rimoti hii, rimoti hizi, wala hakuna haja ya "marimoti".

Limebaki "bonyeza na shikilia". Maneno ni ya Kiswahili ila mpangilio ni wa kigeni, na mzee anaweza kubonyeza, akaachia, kisha akaishikilia rimoti nzima mkononi. Sisi husema "bonyeza bila kuachia". Karatasi yako ningeiandika hivi:

"Kwanza angalia kama tv boksi yako inapokea mwanga wa rimoti. Ikiwa inatumia Bluetooth tu, rimoti hii haitaiendesha. Muulize muuzaji iliyo na Bluetooth, au jaribu rimoti ya tv yenyewe, kwani tv nyingi zinaweza kuiongoza boksi kupitia waya wa HDMI ukiwasha HDMI-CEC kwenye mipangilio. Ikiwa inapokea mwanga, washa boksi, tafuta msimbo wake kwenye kijitabu, kisha bonyeza kitufe cha kutegeshea bila kuachia mpaka taa ya rimoti iwake. Achia, weka msimbo, na ujaribu kitufe cha sauti au cha kuzima. Ikikataa, weka msimbo unaofuata. Ukitaka kujua kama rimoti inatoa mwanga, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze kitufe chochote: kwenye kioo cha simu nyingi utaona nuru ikimetameta."

Msomee mzee yule kabla hujachapa nakala. Akikwama kwenye neno lolote, niandikie ni lipi.