Barua kwa mwanangu: shotgani inayochagua risasi

Mafinga, Iringa

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Ujumbe wako tumeupata, na mama yako aliusoma kabla yangu kama ilivyo kawaida yake, kisha akanikabidhi akisema kwamba huu ni wa fundi. Unaniuliza kwa nini shotgani ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) uliyoinunua mkononi mwa mtu, ile inayojipakia yenyewe kwa nguvu ya gesi, inafanya kazi vizuri kwa risasi nzito za kuwindia, lakini inakwama mara kwa mara unapoitia risasi nyepesi za bei nafuu mnazotumia kwenye uwanja wenu wa kulenga visahani huko Minnesota. Unauliza pia kama ni kweli, kama alivyokushauri mwenzako, kwamba dawa yake ni kupanua vile vitundu vilivyo kwenye mtutu, vinavyopitisha gesi ya baruti ili isukume pistoni, nayo pistoni irudishe nyuma bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu.

Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo lenye madhara: usitoboe chochote. Kitundu kikishapanuliwa hakirudi kuwa kidogo, na bunduki utakayokuwa umeilegeza ili iridhike na risasi nyepesi ndiyo hiyo hiyo utakayoitia risasi nzito msimu wa kuwinda ukifika. Hapo gesi itazidi kiasi, bolti itarudi nyuma kwa kasi ambayo haikukusudiwa na kugonga sehemu ya nyuma ya bodi, yaani kiwiliwili cha bunduki, kila unapofyatua, na mwisho wake ni ufa. Vitundu hivyo vilipimwa kiwandani kwa aina fulani ya risasi, na jambo la kwanza ni kujua bunduki yako ilipimiwa risasi zipi. Hukuniandikia hata jina lake, mwanangu, nalo ndilo swali ambalo fundi yeyote angekuuliza kabla ya mengine yote.

Soma maandishi yaliyochongwa ubavuni mwa mtutu. Yatakuambia urefu wa chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kwa kawaida milimita 70 au 76. Urefu huo si wa usalama tu. Chukua mfano wa Remington 1100, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963: mtutu wake wa magnum, yaani wa risasi ndefu na nzito, umepewa njia ndogo zaidi ya kupitishia gesi kuliko mtutu wa kawaida, kwa kuwa risasi hizo huleta gesi nyingi. Mtu akiufunga mtutu huo kisha akatia risasi nyepesi za visahani, bunduki itakwama hata kama ni safi kama siku ilipotoka kiwandani. Kwa kuwa yako umeinunua mkononi, inawezekana aliyekuwa nayo alibadilisha mtutu, na huenda kitu pekee unachohitaji ni mtutu unaofaa.

Katika ghala la silaha jeshini tulikuwa na rashasha zenye kirekebishi cha gesi cha nafasi 3. Masizi yakizidi na silaha ikaanza kuzubaa, unahamia nafasi kubwa zaidi, silaha inaendelea na kazi mpaka upate muda wa kuisafisha. Shotgani nyingi za zamani za mfumo wa gesi hazina anasa hiyo, ingawa nyingi za miaka ya karibuni zina vali inayotoa nje gesi iliyozidi, na ndiyo maana huvumilia risasi za uzito tofauti. Yako ikiwa ya zamani, marekebisho yote yatakuwa katika uchaguzi wa risasi na katika kuondoa kila kinachoipotezea nguvu.

Kuhusu risasi, watu hutazama uzito wa marisau, vile vipunje vinavyoruka kutoka kwenye risasi, peke yake, na hapo ndipo wanapopotea. Zidisha uzito kwa kasi. Marisau ya gramu 28 yanayotoka kwa mita 350 kwa sekunde yanatoa 9,800. Ya gramu 24 kwa mita 410 yanatoa 9,840, yaani risasi iliyo nyepesi zaidi inasukuma kwa nguvu ile ile. Na ya gramu 32 kwa mita 370 yanatoa 11,840, ambayo imezidi kwa karibu asilimia 20. Kwa mfumo wa gesi hesabu hii ni ya makadirio, kwa sababu kinachohusika hasa ni msukumo wa gesi pale marisau yanapopita kwenye kitundu, lakini inatosha kukuongoza dukani. Kwenye maboksi ya huko mtaandikiwa wakia na futi: wakia 1 ni gramu 28 na kidogo, na futi 1,150 kwa sekunde ni hizo mita 350. Ukikuta boksi la wakia 1 lenye futi 1,200 au zaidi, lijaribu kabla ya kuilaumu bunduki. Yale yaliyoandikwa kwamba hayapigi sana begani yaache kwanza, kwa sababu nguvu inayokosekana begani ndiyo ile ile inayokosekana kwenye pistoni.

Sasa kuhusu kinachopoteza nguvu. Kabla ya kushika kitu chochote toa risasi zote, angalia chemba kwa macho na uipapase kwa kidole, kisha uangalie na magazini, lile bomba la kuwekea risasi zinazosubiri. Fungua mbao ya mbele, vua mtutu na uugeuze utazame ile pete iliyounganishwa chini yake. Ndani ya pete hiyo ndimo vitundu vilimo. Mara nyingi utakuta masizi yamegandamana kama lami kavu, na kitundu kimebaki nusu. Loweka kwa dawa ya kuyeyusha masizi usiku kucha, halafu pitisha waya wa shaba ulio mwembamba kuliko kitundu chenyewe, ukiuzungusha kwa vidole. Mashine ya kutobolea isikaribie hapo.

Kama bunduki yako inatumia oringi, yaani pete ya mpira, kuziba gesi kwenye bomba la magazini, ivue uivute taratibu mbele ya taa. Ikionyesha nyufa ndogo ndogo, ikiwa imekuwa ngumu, au imevimba kwa mafuta, gesi inapita pembeni badala ya kuisukuma pistoni. Risasi nzito huwa na gesi ya kutosha kuficha hasara hiyo; risasi nyepesi haina. Kwa maelezo uliyonipa, hapa ndipo ninapopashuku zaidi kuliko pengine popote. Oringi ni kitu cha bei ndogo, nunua kadhaa na uweke moja kwenye mkoba wako.

Aina nyingi zina springi ya kurudisha bolti iliyojificha ndani ya bomba kwenye kitako, na wengi hawaifungui kamwe. Maji ya mvua huingia huko, mafuta ya zamani hugeuka gundi, na bolti inalazimika kupambana na kutu kila inaporudi. Bunduki ikiwa tupu, vuta bolti mpaka mwisho kisha uiachie: inapaswa kujifunga kwa mlio mmoja mkavu. Ikijikokota, fungua kitako au umpelekee fundi wa huko mwenye leseni.

Mafuta nayo yana lake. Wewe umekulia hapa, unajua jinsi mafuta ya kupikia yanavyoganda kwenye chupa asubuhi za Juni na Julai. Baridi ya Minnesota inazidi hii yetu kwa mbali, na mafuta mazito ya silaha hufanya vivyo hivyo ndani ya bolti. Wakati wa majira ya baridi futa karibu yote, ubakize utando mwembamba wa mafuta mepesi yanayofaa baridi. Baruti yenyewe pia hupungua nguvu kidogo kwenye baridi kali, kwa hiyo risasi inayofanya kazi kwa taabu mwezi wa Septemba usiitegemee Januari.

Hukunieleza pia inakwama vipi, na kukwama si kwa namna moja. Ganda likitoka chemba lakini likabanwa na bolti kwenye mlango wa kutokea maganda, nguvu ni ndogo, na yote niliyoandika hapo juu yanahusika. Ganda likibaki chemba, mara nyingi tatizo si gesi. Risasi nyingi za bei nafuu zina kitako cha chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na chuma hicho kikishapanuka kwa moto hakinywei kama shaba, hivyo hung'ang'ania kuta za chemba. Sumaku ndogo itakuambia boksi lako lina chuma au shaba. Safisha chemba kwa brashi ya shaba, ondoa mabaki ya plastiki, kisha utazame kulabu ya kuvutia ganda kama ina ncha kali na springi yake ina nguvu. Ganda likitoka vizuri lakini risasi inayofuata isipande, angalia springi ya magazini.

Zamani niliwahi kurekebisha Browning Auto-5 ya mzee mmoja wa mashamba ya chai kule Mufindi, ambayo haitumii gesi kabisa. Mtutu wenyewe hurudi nyuma pamoja na bolti. Ndani yake mna pete ya chuma inayohamishwa: kwa risasi nzito inakaa kati ya springi na breki ya shaba, kwa nyepesi inashushwa nyuma ya springi, upande wa bodi. Mzee aliiacha kwenye nafasi ya nzito akatumia nyepesi, akadhani bunduki imekufa. Dakika chache zilitosha. Kama siku moja utanunua zile za Benelli zinazotegemea mrudisho wa bunduki yenyewe, kumbuka kwamba hizo zinahitaji kushikiliwa barabara begani, na ukizifungia mizigo ya taa na vishikio vya risasi za akiba unazipunguzia uwezo wa kutumia risasi nyepesi.

Ukishasafisha, jaribu uwanjani kwa kutia risasi 2 tu kila mara, moja chemba na moja magazini, ukitumia boksi moja kwa wakati mmoja. Tazama maganda yanapoangukia. Yanayodondoka miguuni yanatoka kwenye risasi iliyo ukingoni mwa kushindwa, hata kama siku hiyo hakuna iliyokwama. Yanayoruka mita 2 au 3 kwa mpangilio ule ule yanakutosha.

Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, acha papo hapo, toa risasi zote, na utazame ndani ya mtutu kama kizibo cha plastiki kimebaki humo. Ukifyatua na isilipuke, elekeza mtutu mahali salama na usubiri nusu dakika au zaidi kabla ya kufungua. Risasi zilizojazwa upya na mtu usiyemjua usizipokee hata za bure. Risasi ya geji 20 isiingie kwenye mfuko wako kamwe, kwa sababu hupita chemba ya geji 12 na kukwama mbele, na ya geji 12 ikifyatuliwa nyuma yake mtutu hupasuka. Ndiyo maana viwanda huzipaka rangi ya njano.

Niandikie jina la bunduki, maandishi yote ya mtutuni, picha ya oringi, na mahali maganda yalipoangukia kwa kila boksi. Mama yako anakusalimu na anauliza kama koti tulilokutumia limekutosha.

Baba yako