Anzeni na majina, picha zifuate: kutengeneza utangulizi wa filamu ya taharuki mkiwa wanafunzi

Umeeleza kwamba kundi lenu la wanafunzi wanne limepewa kazi ya kutengeneza mwanzo wa filamu ya taharuki, pamoja na majina ya waigizaji na watengenezaji, kwa muda usiozidi dakika 2. Mna simu mbili zenye kamera nzuri na kompyuta moja, na tayari mmeandika kisa chenye mtu anayefukuzwa, simu ya vitisho, maiti na mpelelezi. Swali lako ni shoti ipi ipigwe kwanza. Nilifanya kazi ya aina hii nilipokuwa mwanafunzi, na tangu hapo nimekaa na wanafunzi wengine wakihariri za kwao, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Kamera iwekeni pembeni kwanza. Chukueni karatasi mwandike orodha ya majina.

Nasema hivyo kwa sababu makundi mengi hutengeneza trela bila kujua. Trela inamshawishi mtu ambaye bado hajaamua kuitazama filamu, na ndiyo maana inarusha mbio, mayowe na damu kwa haraka. Utangulizi unamkuta mtazamaji ameshaketi na taa zimeshazimwa. Kazi yake ni kumwingiza katika hali fulani ya moyo huku ukimtambulisha kwa watu walioitengeneza filamu. Majina ndiyo yanayoupa mapigo. Kundi linapopiga picha zote kwanza na kuyakumbuka majina siku ya kuhariri, hulazimika kuyabandika juu ya paji la uso wa mwigizaji, juu ya dirisha lenye mwanga mkali, au mahali popote palipobaki, na macho ya mtazamaji yanabaki yakigombaniwa na vitu viwili ambavyo kila kimoja kinamzuia asikifurahie kingine.

Andikeni basi kila jina na wadhifa wake: kampuni ya filamu, waigizaji wakuu, jina la filamu yenyewe, waigizaji wengine, mbunifu wa mandhari, mtunzi wa muziki, mhariri, mpigapicha mkuu, mtayarishaji, mwandishi na, mwisho kabisa, mwongozaji. Mpangilio huo hubadilika kidogo kutoka filamu moja hadi nyingine, lakini mwongozaji kuwa wa mwisho ni desturi iliyoenea sana, na mkiivunja muwe na sababu ya kuivunja. Kila jina linapotokea peke yake kwenye skrini tuliite kadi, na tuseme mmepata kadi 12. Kadi yenye jina fupi inapaswa kukaa kwa muda unaomtosha mtu kuisoma mara mbili bila haraka, na kwa kipimo changu huo ni kama sekunde 3, yaani fremu (picha moja moja zinazounda video) 75 ikiwa mnapiga fremu 25 kwa sekunde. Kadi 12 zinachukua sekunde 36. Kati ya kadi na kadi picha inahitaji kuachwa peke yake sekunde 3 au 4, la sivyo mtazamaji atakuwa anasoma tu, na hapo zimekwenda sekunde nyingine 40 hivi. Mmeshatumia karibu sekunde 80 kati ya 120. Zilizobaki ni za shoti ya kufungulia kabla ya jina la kwanza, za kulipatia jina la filamu nafasi ya kutosha kabla na baada yake, na za shoti ya mwisho inayomkabidhi mtazamaji kwa hadithi.

Mkishaona hesabu hiyo, mtaelewa kwa nini kisa chenu cha sasa hakiingii. Mtu anayefukuzwa peke yake anahitaji sekunde 30 ili mtazamaji ajue anakimbia wapi na anamkimbia nani, na mpelelezi anayeikagua maiti anahitaji zaidi ya hapo. Tazameni walichofanya waliobobea. Mwaka 1958 Saul Bass alipobuni utangulizi wa Vertigo, alianza na sehemu za uso wa mwanamke mmoja, midomo na macho, kisha akaingia ndani ya jicho ambako maumbo ya mizunguko yaliyotengenezwa na John Whitney yanageuka taratibu. Miaka miwili baadaye, katika Psycho, hakutumia hata picha ya mtu: ni mistari inayopita kwenye skrini na kuyakata majina vipande, huku muziki wa Bernard Herrmann, uliopigwa kwa ala za nyuzi pekee, ukisukuma kutoka chini. Na mwaka 1995 Kyle Cooper alipotengeneza utangulizi wa Se7en, alituonyesha mikono inayokata, inayoshona na inayoandika daftari, bila uso wa mwenye mikono hiyo, na majina yakiwa yamekwaruzwa kwa mkono. Katika zote tatu hakuna anayefukuzwa wala kuuawa mbele yetu, na bado mtu anakaa vibaya kitini.

Taharuki inatoka katika pengo lililopo kati ya kile tunachokiona na kile tunachokielewa. Tukionyeshwa maiti, tunaelewa mara moja kwamba mtu ameuawa na pengo linafungwa. Tukionyeshwa mikono inayofanya kazi ya kawaida kwa uangalifu uliopita kiasi, hatuelewi ni kwa nini, na hatuwezi kuacha kutazama. Kwa hiyo shaurini ndani ya kundi ni swali gani moja mtazamaji aondoke nalo, kisha mchague kitendo kimoja kinacholizaa. Kundi letu lilichagua mtu anayeondoa majina: anafumua lebo ya jina iliyoshonwa ndani ya shati, anakwangua maandishi nyuma ya picha, anang'oa ukurasa wa kwanza wa kitabu wenye jina la mwenye nacho. Je, anajificha, au anamfuta mtu mwingine? Hatukujibu hadi shoti ya mwisho, na hata hapo tulijibu nusu tu. Jambo lililotufaa zaidi, na ambalo bado nalipenda katika wazo lile, ni kwamba kila jina lililofutwa ndani ya picha lilipisha jina lililotokea kwenye skrini, kwa hiyo majina ya watengenezaji yakawa sehemu ya kitendo chenyewe. Ninyi mna simu ya vitisho katika kisa chenu. Mngeweza kuacha mengine yote na kumfuata anayepiga simu hiyo kabla hajaipiga: anavyoandaa maneno yake, anavyokata sentensi moja na kubakiza nyingine, anavyojaribu sauti yake. Huyo mtu ananitisha kuliko maiti yenu.

Hatua inayofuata ni kuchora kila shoti kwenye karatasi, ukiwemo mstatili unaoonyesha jina litakaa wapi. Michoro haihitaji kuwa mizuri. Ipigeni picha, iingizeni kwenye programu ya kuhariri, ipangeni kwa muda mliouhesabu, wekeni majina halisi na sauti ya muda, kisha mtazame dakika zenu 2 zikiwa michoro mitupu. Kwa maoni yangu hii ndiyo siku muhimu kuliko zote za mradi, maana kila udhaifu wa mpango unaonekana hapo na kuurekebisha hakugharimu chochote zaidi ya kifutio. Kama mtu amechoka kuitazama michoro kufikia kadi ya saba, picha zenye mwanga mzuri hazitamwamsha.

Kwenye upigaji wenyewe, nafasi ya jina iwe mahali penye giza, pasipo na vitu vingi, au palipo nje ya fokasi. Majina yakae ndani ya asilimia 90 ya upana na kimo cha skrini, kwa kuwa baadhi ya runinga hukata kingo za picha, na tafadhali yasiruke kutoka kona moja hadi nyingine bila sababu: jicho linalotafuta jina linaikosa picha. Zibeni madirisha na mtumie taa moja kutoka ubavuni, karibu na kitu mnachokipiga. Giza zuri linatokana na tofauti kubwa kati ya panapong'aa na pasipong'aa. Chumba chenye mwanga hafifu kila mahali kinaifanya simu iongeze ISO, yaani usikivu wake kwa mwanga, na vivuli vyenu vitajaa chenga. Fungeni fokasi, mwangaza na rangi kwa mkono ili simu isijirekebishe katikati ya shoti. Kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde mahali ambapo umeme ni wa hezi 50, au 1/60 mahali ambapo ni wa hezi 60, vinginevyo baadhi ya taa zitaonekana zikipepesa. Simu ikae kwenye stendi. Ikiwa inaweza kurekodi kwa ukubwa wa 3840 kwa 2160 na kazi yenu itatolewa kwa 1920 kwa 1080, mtaweza kuikaribisha picha mara mbili wakati wa kuhariri bila kuiharibu, jambo linalosaidia sana kwa shoti za vitu vidogo. Na mkitumia kisu au kitu chochote kinachofanana na silaha, pigeni ndani, kwa ruhusa ya mwenye mahali na kwa taarifa ya mwalimu. Mpita njia hajui kwamba mnaigiza.

Kuhusu herufi nina msimamo mkali. Tumieni aina moja ya herufi katika saizi mbili, moja ya wadhifa na moja ya jina, na muachane kabisa na zile zinazochuruzika damu au kutetemeka, kwa sababu zinamwambia mtazamaji aogope kabla hamjampa cha kuogopa. Hakikisheni pia leseni ya fonti inaruhusu matumizi yenu. Mkitaka herufi zenye uhai, zitengenezeni kwa mikono. Sisi tulipaka kioo rangi nyeusi, tukaiacha ikauke, tukakwaruza majina kwa sindano, tukaweka taa nyuma ya kioo na kupiga picha. Mwanga ulipenya kwenye mikwaruzo tu, na kwenye kompyuta ilitosha kuchagua namna ya kuchanganya picha inayoondoa weusi na kubakiza weupe. Kila jina lilikuwa na makosa yake madogo, na hakuna programu iliyotupa kitu kama hicho.

Sauti ipewe muda sawa na picha. Wanafunzi wengi huweka wimbo mmoja wa kutisha kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wimbo huo unawaamulia kila kitu. Anzeni na sauti za kitendo chenyewe, zilizorekodiwa kwa maikrofoni iliyo karibu sana, wakati nyumba imetulia: uzi unaokatika, karatasi inayochanika, pumzi. Zikikuzwa kupita uhalisia, zinamfanya mtazamaji ahisi yuko karibu mno na mtu asiyemjua. Chini yake wekeni mvumo mzito unaopanda polepole kiasi kwamba hakuna anayeweza kusema ulianza lini. Kumbukeni tu kwamba spika ndogo za simu na kompyuta hazitoi vizuri sauti nzito, kwa hiyo mvumo huo uwe pia na tabaka la sauti ya kati ili usipotee kabisa. Kadi za mwanzo zinaweza kufuata mapigo ya sauti kwa utaratibu, mtazamaji azoee. Kisha moja ichelewe. Kabla ya jina la filamu kateni kila kitu kwa sekunde nzima. Ukimya huo unafanya kazi ambayo ngoma kubwa haiwezi. Programu ya sauti iitwayo Audacity inatosha kwa kurekodi na kuchanganya, nayo haina malipo. Mkitumia muziki wa mtu mwingine, tafuteni wenye leseni ya Creative Commons, ambayo mtunzi huitumia kuwaruhusu wengine kutumia kazi yake kwa masharti, na msome masharti hayo: leseni nyingi kati ya hizo zinataka mtunzi atajwe, na baadhi hazikubali kazi ibadilishwe wala kuunganishwa na picha. Mtunzi atakayetajwa naye ahesabiwe katika zile kadi 12.

Katika kuhariri, ongezeni chembechembe kidogo sana juu ya picha nzima. Sehemu za giza linalofifia taratibu huvunjika kuwa michirizi video inapobanwa, na chembechembe huificha michirizi hiyo, tena huziunganisha herufi na picha zionekane zimepigwa pamoja.

Mkimaliza, mwonyesheni mtu asiyekijua kisa chenu, bila kumweleza lolote, kisha mwulizeni anadhani nini kitatokea na ni majina gani anayakumbuka. Akitoa majibu mawili yanayopingana kuhusu yule mtu kwenye picha, mmefika mlipokusudia. Akiwa hakumbuki hata jina moja, rudini kwenye muda wa kadi kabla ya kugusa kitu kingine. Halafu ipelekeni kazi kwenye chumba kilekile itakamoonyeshwa, kwa projekta ileile, kwa sababu giza lililopendeza kwenye kompyuta hugeuka ukuta mweusi pale mwanga wa chumba unapoiangukia skrini. Inueni vivuli kadiri inavyohitajika, na mmoja wenu akae safu ya nyuma kabisa asome kila jina kwa sauti, moja baada ya jingine, hadi la mwongozaji.