Maswali na majibu: Kinachoilinda seli T isijiue

Husemwa seli T, aina ya chembe nyeupe za kinga, hubeba kifo chake ndani. Vidhibiti vya unukuzi wa jeni vinahusikaje?

Kidhibiti cha unukuzi ni protini inayoshika DNA ndani ya kiini cha seli na kuamua jeni ipi isomwe, na kwa wingi gani. Chenyewe hakizuii kifo. Huagiza itengenezwe protini ya kukizuia. Kwenye mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati, protini za ulinzi BCL-2, BCL-xL na MCL-1 huzibana protini za kuua BAX na BAK zisitoboe utando wa nje. BIM, protini inayochochea kifo, ikiongezeka, huzikamata hizo protini za ulinzi. Utando hutoboka, protini ya saitokromu c humwagika kutoka mitokondria, na kaspasi, vimeng'enya vya kukata protini, huanza kuikatakata seli. MCL-1 huoza ndani ya saa chache tu, kwa hiyo agizo lazima lirudiwe muda wote. Seli T isiyopata agizo hufa hata bila kushambuliwa.

Seli T ambayo haijakutana na kimelea chochote inaishije muda mrefu?

Kwa IL-7 hasa, protini ya ujumbe kati ya seli, pamoja na mguso hafifu kwenye kipokezi cha antijeni cha seli T (antijeni ni kitu ambacho kinga hukitambua). Kidhibiti FOXO1 huwasha jeni ya kipokezi cha IL-7. IL-7 ikinasa hapo, vimeng'enya JAK1 na JAK3 huiamsha STAT5, kidhibiti kingine cha unukuzi, nayo huingia kwenye kiini na kuipandisha BCL-2. Seli T za panya zilizoondolewa FOXO1 hupungukiwa kipokezi hicho na hazidumu.

Antijeni ikishaiamsha seli, mambo hugeuka. Kimeng'enya AKT huitoa FOXO1 nje ya kiini na kipokezi cha IL-7 hushuka. NF-κB, kidhibiti kingine, hushika zamu, ikiongezewa nguvu na ishara ya CD28, kipokezi saidizi kwenye uso wa seli, na BCL-xL hupanda. Ndiyo maana ukiamsha seli kwa kingamwili ya CD3 (sehemu ya kipokezi cha antijeni) bila ile ya CD28, nyingi hufa mapema. Angalizo kwa wanaojiandaa na mtihani: FOXO3, ya ukoo uleule, huwasha jeni ya BIM. Msiandike "FOXO hulinda" kwa jumla.

Na kwenye tezi ya thaimasi, seli T zinakokomaa?

Seli changa zenye CD4 na CD8 (protini za uso wa seli) kwa pamoja hulindwa na vidhibiti RORγt na TCF-1, vinavyodumisha BCL-xL. Muda huo huziwezesha kujaribu tena kupanga jeni ya mnyororo alfa wa kipokezi. RORγt ikikosekana, hufa kabla ya kumaliza majaribio.

Maambukizi yakiisha, seli zote zilizozaliana huenda wapi?

Kwa seli T za CD8, kiasi cha asilimia 90 hadi 95 hufa, BIM ikiwa mhusika mkuu. T-bet nyingi, kidhibiti kingine, huisukuma seli kwenye maisha mafupi. TCF-1 na kidhibiti EOMES huielekeza kwenye kumbukumbu, yaani kudumu ikikumbuka kimelea.

Kwa nini tusiongeze tu BCL-2?

Kwa sababu kinga isiyokufa ni ugonjwa. Katika limfoma ya folikuli, inayotokana na seli B, jeni ya BCL2 huhamia kromosomu 14, jirani na jeni ya kingamwili, na kusomwa bila kukoma. Venetoclax, dawa inayoifunga BCL-2, iliidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa saratani nyingine ya seli B, leukemia sugu ya limfosaiti.

Nimezinyima seli IL-2, protini ya ujumbe inayozidumisha, siku mbili. Kwenye hadubini zimesinyaa, lakini aneksini V, protini ya kupimia kifo cha seli, inasema ziko hai. Nimekosea wapi?

Shuku kalsiamu kwanza. Aneksini V hushika fosfatidilserini, mafuta ya utando yanayojitokeza nje seli inapokufa, panapokuwa na kalsiamu tu, na mabaki ya EDTA, kemikali ya maabara, huifyonza kalsiamu hiyo. Osha mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi ya maabara) isiyo na EDTA, kisha weka seli 100,000 kwenye mikrolita 100 za bafa yenye kloridi ya kalsiamu milimola 2.5 kwa lita. Ongeza aneksini na propidiamu iodidi (rangi inayoingia seli zenye utando uliopasuka), subiri dakika 15 gizani, ongeza bafa ileile mikrolita 400, usome ndani ya saa moja. Usitoboe utando kabla ya kupaka rangi, maana aneksini itaingia ndani na kila seli itaonekana imekufa. Seli zilizoamshwa karibuni nazo huonyesha fosfatidilserini kwa muda bila kufa, hivyo pima pia kaspasi 3 iliyoamshwa.