Mswada si wako: kwa unayeanza kuhariri hadithi

Riwaya ya kwanza niliyolipwa kuihariri niliirudisha imejaa wino mwekundu mwanzo hadi mwisho. Nilijiona nimechapa kazi. Mwandishi alikaa kimya siku nne, kisha akaniandikia mstari mmoja: "Bibi yangu hasemi hivi." Ndani ya hadithi ile mlikuwa na bibi kizee anayesema "nshakwambia" na "njoo nkwambie". Kila mahali mimi nilikuwa nimeandika "nimeshakuambia" na "njoo nikuambie". Sarufi ilinyooka, lakini bibi mwenyewe hakuwepo tena. Nilimrudishia maneno yake moja moja, kwa muda wangu, bila malipo.

Tangu hapo mswada ukinifikia nausoma wote kwanza bila kugusa hata nukta. Safari ya pili ndipo nafungua daftari la mswada: jina la kila mhusika linavyoandikwa, umri wake, kovu lake liko upande gani, kila sura inaanza siku gani. Daftari hilo ndilo litakalokuonyesha kwamba mjamzito wa sura ya 2 amefikisha miezi 13, au kwamba aliyevunjika mkono jana leo anakamua nguo. Mwandishi ameishi na hadithi hiyo muda mrefu mno, hawezi tena kuyaona hayo. Anakulipa uyaone wewe.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Soma hii: "Juma alimwambia Hamisi kwamba mkewe amemwona dukani." Mke wa nani? Kamwona nani? Anayeanza huchagua maana moja, akaandika upya, akasonga mbele. Usifanye hivyo. Acha swali pembeni: "Ni mke wa Juma au wa Hamisi? Na aliyeonekana ni nani?" Kisha pendekeza njia: ataje jina, au ageuze yawe maneno ya Juma mwenyewe. Kuna mwandishi aliyenijibu kwamba utata wa aina hiyo aliuweka kwa makusudi, maana sura mbili mbele ugomvi wote unaanza pale mmoja alipoelewa visivyo. Ningeusafisha kimyakimya, ningekuwa nimeing'oa nguzo ya nyumba yake.

Kabla ya kutaja bei, elewaneni ni uhariri gani unatakiwa. Wengi watakuambia "nipitishie macho tu", na ukifungua unakuta sura tatu za katikati hazina kazi. Kupanga muundo wa hadithi, kunyoosha lugha na kusoma prufu (kusaka makosa madogo yaliyobaki mwishoni) ni kazi tatu, na zinafuatana kwa mpangilio huo. Haina maana kurekebisha koma katika sura itakayofutwa wiki ijayo. Mimi huomba maneno 1,000 ya katikati ya mswada, si ya mwanzo, kwa kuwa mwanzo kila mtu ameupiga pasi. Nikishayahariri, mwandishi ameuona mkono wangu nami nimeuona wake.

Toza kwa idadi ya maneno. Kurasa hudanganya, herufi zikipunguzwa tu kitabu kinakonda. Chukua riwaya ya maneno 80,000. Ukihesabu maneno 250 kwa ukurasa ni kurasa 320, na kwa kasi ya kurasa 6 kwa saa uhariri wa lugha pekee unakula saa 53 na ushee. Kwangu baada ya saa nne za kazi kwa siku macho yanaanza kuruka makosa, kwa hiyo hizo ni wiki mbili kamili bila kupumzika. Usimwahidi mtu siku tano. Na mkataba uwe wa maandishi hata kwa rafiki, wenye tarehe, aina ya uhariri na idadi ya mizunguko ya marekebisho, nusu ya malipo ikitangulia. Nimewahi kumaliza riwaya nzima kwa neno la mdomo, mteja akaacha kupokea simu.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu: alama zako zisiwe za makosa peke yake. Niliposhtuka naandika "hapa nimeshtuka". Niliposoma sentensi mara tatu kwa raha naandika "pasiguswe". Si kumbembeleza mwandishi. Asipojua panaposhika moto, akianza kupunguza maneno atakata hapo hapo. Ukisharudisha kazi atakataa baadhi ya mapendekezo yako, pengine hata yale uliyoyaona bora kuliko yote. Mweleze sababu yako mara moja, kisha mwachie.

Yule mwandishi wa bibi aliniletea mswada wake wa pili. Bibi yumo tena, anazungumza sura nzima peke yake. Kwenye maneno yake niliweka alama moja: koma iliyopigwa mara mbili.