Shangazi wa Mkomani Ajibu: Namlilia Ryu, Si Kazehaya

Shikamoo Shangazi. Niko kidato cha tatu hapa Malindi. Nimemaliza kusoma Kimi ni Todoke, hadithi ya picha (manga) ya Kijapani, nimeazima kwa binamu yangu. Sawako na Kazehaya, wapenzi wakuu, nawapenda, lakini machozi yangu yote yameishia kwa rafiki zao Ryu na Chizuru. Rafiki yangu huziruka sura za hao wawili, eti mwandishi anapoteza wakati na watu wasiohusika. Nani ana haki?
*Mlizi wa Barani, Malindi*

Marahaba mwanangu. Haki ni yako. Huyo rafiki yako mwambie arudi akasome alichoruka, maana ameruka nusu ya kitabu.

Pigeni hesabu. Hadithi hiyo ya Karuho Shiina ilikwisha mwaka 2017, juzuu 30. Sawako na Kazehaya wanaambiana kwamba wanapendana kabla hata ya kufika katikati. Huko mbele kunabaki nini? Ilikuwa ikitoka katika Bessatsu Margaret, jarida la kila mwezi, na hakuna anayetoa pesa yake kila mwezi kutazama watu wawili wanaoona haya kushikana mikono. Kuwaachanisha mwandishi hawezi, maana tangu kurasa za mwanzo ametutia tamaa kwamba hawa ni wa kupatana. Kwa hao wawili mikono yake imefungwa. Kwa marafiki zao, thubutu! Ayane anaachana na Kento, moyo unamwelekea mwalimu wao Pin, kisha anafunga virago kwenda kusoma Tokyo. Juu yao hatujaahidiwa kitu, ndiyo maana tunasoma roho juu.

Sasa huyo Ryu wako. Baba yake ana mkahawa wa rameni, zile tambi za mchuzi. Yeye anacheza besiboli, na darasani kazi yake ni kulala. Maneno yake ya juzuu nzima ungeyaandika kiganjani na nafasi ikabaki. Anampenda Chizuru tangu utotoni, naye Chizuru anampenda Toru, kaka yake Ryu. Toru anarudi nyumbani, kumbe amekuja na mchumba. Hapo Ryu ana maumivu mawili, lake na la Chizuru, na la Chizuru ndilo analolishughulikia kwanza.

Lakini mahali ninapoparudia mimi ni baadaye, Ryu anapomwambia Chizuru kwamba anampenda. Anasema kavu kavu, hana maua wala mashairi. Na Chizuru hafurahi! Anavurugikiwa, maana huyu kwake ni kama ndugu, na ndugu huyo hampati tena, akubali asikubali. Mhusika mkuu angeona haya, akatabasamu, ukurasa ukaisha. Chizuru anapewa sura baada ya sura za kukasirika, kukwepa na kufikiri, na mimi nazisoma polepole.

Labda nina sababu zangu. Nilipokuwa msichana hapa Mkomani, Lamu, nilikuwa mpeleka barua wa shoga yangu. Barua naikunja, naitia ndani ya buibui, napita Mkunguni mbele ya wazee kama niliyetumwa ndimu. Harusi yao ilipigwa vugo mpaka watu wakakauka sauti. Muda wote ule hakuna aliyeniuliza mimi nampenda nani, na mtu nilikuwa naye.

Na huyo rafiki yako akizidi kubisha, mkumbushe Kurumi, yule mrembo mwenye hila aliyemtaka Kazehaya. Mwaka 2018 Shiina alimwanzishia hadithi yake mwenyewe. Asiyehusika hafanyiwi hivyo.

Assalamu alaykum Shangazi. Naendesha boti ya abiria, Mokowe na hapa Lamu. Mke wangu anasoma Fruits Basket, nayo ni manga. Juzi nimemkuta analia kwa ajili ya daktari anaitwa Hatori. Nikamwambia, "Huyo si hata mhusika mkuu." Tangu siku hiyo chai naipata baridi. Nifanyeje?
*Nahodha, Langoni*

Waalaykumu salaam, na pole kwa chai. Ulisema neno baya kuliko yote.

Ni kazi ya Natsuki Takaya, ilitoka kuanzia 1998 hadi 2006, juzuu 23. Kuna ukoo wa Sohma wenye laana: baadhi yao wakikumbatiwa na mtu wa jinsia nyingine hugeuka wanyama. Hatori ndiye daktari wao. Alipendana na msaidizi wake Kana, akaenda kwa Akito, mkuu wa ukoo, kuomba ruhusa ya kuoa. Akito akapandwa na hasira, na Hatori akaumizwa jicho la kushoto. Kana akajilaumu mpaka akaugua. Hatori ana uwezo wa kufuta kumbukumbu za watu, basi akamfutia Kana mapenzi yao yote, kwa mkono wake mwenyewe. Kana akapona, akaja kuolewa na mwingine. Hajui kitu. Hatori anajua, na wanaishi mji mmoja.

Nawe ulitaka mkeo asilie?

Nunua halwa, ingia nayo ndani, kisha uulize tu: "Mayuko ameshatokea?" Mayuko ni rafiki wa Kana, mwalimu, ambaye wazazi wake wana duka la vitabu. Alimpenda Hatori kimya kimya wakati shoga yake ndiye mchumba. Mengine atakusimulia mwenyewe, na chai utaipata ya moto.

Shangazi, mimi ni mtu mzima, hadithi za wanafunzi zimenichosha. Kuna ya rika langu?
*Bibi Harusi wa Zamani, Shela*

Ipo, Maison Ikkoku ya Rumiko Takahashi, ya 1980 hadi 1987. Usiogope kwamba inasomwa kutoka kulia. Aliyepita chuoni akahitimu juzuu amma hashindwi na kitabu cha Kijapani. Mtafute Mitaka, mwalimu wa tenisi, mtanashati, anayemwogopa mbwa kama kifo. Anayepelekewa kwa posa ni Asuna, binti aliyezungukwa na mbwa. Ndoa yao inaletwa na habari ya mimba. Mimba ya nani, sikwambii. Nakala yangu siazimishi tena, maana ya mwisho ilirudi na mafuta ya viazi karai pale pale penye jibu.