Ruzuku za serikali kwa klabu za michezo: mliyouliza na majibu yake

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watu wanaoendesha klabu kwa nguvu na mifuko yao wenyewe: makatibu, makocha, wazazi wanaofua jezi kila mwisho wa wiki. Nimechukua maswali yanayojirudia zaidi. Kila nchi ina sheria na fomu zake, kwa hiyo mwongozo wa mfuko wa ruzuku mnaouomba ndio wenye neno la mwisho. Lakini mambo yanayoangusha maombi yanafanana karibu kila mahali, na mengi yanarekebishika.

Klabu yetu ina miaka mingi ila haijasajiliwa. Tunaweza kuomba? – Katibu, mpira wa wavu

Ndugu katibu, kwa mifuko mingi jibu ni hapana, hata kama kila mtu anawafahamu. Kundi lisilosajiliwa kwa kawaida haliwezi kusaini mkataba kwa jina lake, mara nyingi halina hata akaunti yake benki, na mwenyekiti akihama hakuna wa kuulizwa fedha imekwenda wapi.

Masharti ya usajili yanatofautiana sana. Ujerumani chama kinahitaji wanachama 7 ili kiandikishwe. Ufaransa, chini ya sheria ya mwaka 1901, watu 2 wanatosha kuanzisha chama. Kenya ina Msajili wa Michezo aliyewekwa na Sheria ya Michezo ya 2013. Tanzania usajili uko chini ya sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa mwaka 1967. Anzeni kwa kuuliza chama cha mchezo wenu katika ngazi iliyo karibu nanyi, wao walishaipita njia hiyo.

Mkifika kwenye katiba, msinakili ya klabu nyingine neno kwa neno. Kipo kifungu ambacho wanaopitia maombi hukitafuta mapema: klabu ikivunjika, mali zake zitakwenda wapi? Kikisema wanachama watagawana, mifuko mingi haitaendelea kusoma, kwa sababu taa au nyavu zilizonunuliwa kwa kodi ya wananchi zingeishia majumbani mwa watu. Andikeni kwamba mali itakabidhiwa kwa klabu au chama kingine chenye malengo kama yenu, kisichogawana faida.

Wakati usajili unashughulikiwa, ulizeni kama mfuko unakubali chama kilichosajiliwa kipokee fedha kwa niaba yenu. Ukikubali, wekeni makubaliano ya maandishi na chama hicho kabla ya fomu kupelekwa.

Mfuko unataka klabu ichangie sehemu ya gharama. Sisi hatuna akiba hata kidogo. – Mhazini, netiboli ya wanawake

Dada mhazini, hapa ndipo klabu nyingi hukata tamaa bure. Mchango si lazima uwe fedha taslimu. Mifuko mingi inakubali nguvu kazi ya wanachama, vifaa vilivyotolewa bure na huduma za kitaalamu zisizolipiwa, mradi kila kimoja kiwe na thamani inayoeleweka na ushahidi wa karatasi.

Tuanze na nguvu kazi. Fungueni daftari lenye safu sita: tarehe, jina, kazi iliyofanyika, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, sahihi. Kila siku ya kazi mtu mmoja anasimamia daftari hilo na kuhakikisha hakuna anayeondoka bila kusaini. Kisha saa zote zinajumlishwa na kuzidishwa kwa kiwango cha malipo. Kiwango kinatoka kwenye mwongozo. Kama mwongozo hausemi, tumieni malipo ya kawaida ya kazi hiyo na mwandike mlikoyapata. Fundi umeme akifunga nyaya, saa zake zinahesabiwa kwa kiwango cha fundi umeme. Mhasibu akichimba mtaro, anahesabiwa kama kibarua, hata kama ofisini mshahara wake ni mkubwa. Waombaji wengi huteleza hapo, na anayepitia hesabu huona mara moja.

Mtu akiwaazima lori au mashine ya kukata nyasi, mwombeni barua fupi inayosema ameitoa bure, kwa siku ngapi, na kuikodi kungegharimu kiasi gani. Barua hiyo inaambatanishwa na bajeti.

Tahadhari mbili. Mifuko mingine inaweka kikomo, kwa mfano kwamba nguvu kazi isizidi sehemu fulani ya mchango wenu. Na kazi iliyofanyika kabla ya mkataba kusainiwa kwa kawaida haihesabiwi, kwa hiyo msikimbilie kuchimba mashimo ya nguzo ili kuonyesha mko tayari.

Nyavu zimechakaa na ligi inaanza karibuni. Tununue sasa, ruzuku ikitoka tujirudishie? – Kocha

Hapana, mwalimu. Ruzuku nyingi hazilipii kitu kilichonunuliwa kabla ya kuidhinishwa, na risiti yenye tarehe ya nyuma inaweza kuutia mradi wote mashakani. Kama nyavu haziwezi kusubiri, nunueni kwa fedha yenu na mwombe ruzuku ya kitu kingine.

Uwanja tunaoutumia ni wa shule. Tunaweza kuombea taa na vyumba vya kubadilishia nguo? – Mwenyekiti, klabu ya riadha na soka

Mnaweza, lakini barua ya mwalimu mkuu inayosema "tunawaunga mkono" haitoshi. Mfuko unataka kujua kwamba vitu vitakavyojengwa havitafungiwa kufuli mwaka kesho. Tafuteni makubaliano yaliyosainiwa na mmiliki halisi wa ardhi, ambaye mara nyingi ni halmashauri au bodi na si mwalimu mkuu, yanayoonyesha mna haki ya kutumia uwanja kwa miaka mingapi, siku zipi na saa zipi. Kwa ujenzi, ruzuku inavyokuwa kubwa ndivyo miaka inayotakiwa inavyoongezeka. Yaseme pia nani atalipa umeme wa hizo taa na nani atabadilisha balbu zikiungua. Nimeona maombi mazuri yakikwama kwa sababu hakuna aliyekuwa amejibu swali hilo dogo la balbu.

Kuhusu vyumba vya kubadilishia nguo, nawasihi mfikirie wasichana tangu kwenye mchoro wa kwanza. Viwanja vingi duniani vilijengwa wakati wanawake hawakutarajiwa kucheza. Uingereza, chama cha soka cha FA kilizuia klabu zake kuwapa wanawake viwanja mwaka 1921, na zuio hilo lilidumu karibu nusu karne. Matokeo ya fikra za namna hiyo tunaishi nayo: chumba kimoja, bafu la wazi, mlango usiofunga. Chumba chenye mabafu ya faragha na milango inayofunga kinatumiwa na yeyote, na walemavu wakipata njia isiyo na ngazi na choo kinachowatosha, mradi wenu unakuwa wa watu wote. Mifuko mingi hutoa alama kwa hilo, lakini hata isingetoa, watoto wenu wa kike wanastahili.

Tumeomba mara mbili tumekataliwa. Wanaopata ni wale wenye maneno mazuri tu. – Katibu msaidizi, judo

Ndugu yangu, uchungu wako naufahamu, ila si maneno mazuri yanayotafutwa. Kwa kawaida wapitiaji wana karatasi ya alama: uhitaji, idadi ya watakaonufaika, uwezo wa klabu kusimamia, uhalisi wa bajeti. Wanasoma maombi mengi kwa siku, na kila sentensi isiyowapa kitu cha kutia alama inapita bure.

Linganisha sentensi hizi mbili za kubuni. Ya kwanza: "Tunaomba mikeka ili kuinua vipaji vya vijana wetu na kuwaepusha na makundi mabaya." Ya pili: "Tuna watoto 46 waliosajiliwa na mikeka inayotosha 16 kwa wakati mmoja, waliobaki hukaa pembeni wakisubiri zamu, na katika kipindi cha saa moja na nusu kila mtoto anapata takribani nusu saa ya mazoezi." Ya pili haina pambo lolote. Lakini msomaji ameona tatizo, ameliona ukubwa wake, na anajua mikeka ikija nini kitabadilika. Takwimu zote hizo ziko kwenye daftari la mahudhurio, ambalo klabu nyingi zinalo na hazilitumii kwenye maombi.

Bajeti nayo inasema mengi. Kila namba ikiwa ya mviringo, yaani yenye sifuri tupu mwishoni, inaonekana imekisiwa. Pata bei ya maandishi kutoka kwa wauzaji tofauti. Mifuko mingi inataka watatu kwa manunuzi makubwa. Mkichagua asiye wa bei ya chini, andikeni sababu kwa mstari mmoja: dhamana ndefu zaidi, au mikeka inayokidhi viwango vya shirikisho.

Na barua ya kukataliwa isiwe mwisho. Andika kwa adabu uombe maelezo: tulipata alama gani, tulipungukiwa wapi? Mifuko mingi inajibu ikiulizwa. Maombi ya tatu yanayoanza na majibu hayo ni maombi tofauti kabisa.

Semeni kweli: bila kumjua mkubwa, mtu anapata? – Mzazi wa mchezaji

Klabu nyingi zisizo na mtu yeyote huko juu zinapata ruzuku. Lakini upendeleo upo, na sitawadanganya. Australia, Januari 2020, Mkaguzi Mkuu wa serikali alitoa ripoti kuhusu mpango wa ruzuku za miundombinu ya michezo ya jamii wenye thamani ya dola milioni 100 za nchi hiyo. Alibaini kwamba ofisi ya waziri ilikuwa na utaratibu wake sambamba na ule wa wakala wa michezo, na kwamba ugawaji ulielekea kwenye majimbo yaliyolengwa kwa uchaguzi wa 2019. Klabu zilizokuwa na alama za juu zikaachwa. Mwezi uliofuata waziri aliyesimamia mpango huo alijiuzulu baraza la mawaziri, baada ya kubainika hakutangaza uanachama wake katika klabu iliyopata ruzuku.

Wanaoumia katika mambo hayo ni watu waliokesha wakijaza fomu kwa uaminifu. Kwa hiyo daini vigezo vilivyochapishwa kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa, na daini orodha ya waliopata baada ya kufungwa. Hilo si ukorofi, ni fedha yenu.

Nanyi ndani ya klabu mjichunge kwa kipimo hicho hicho. Mwenyekiti akiwa na ndugu anayeuza vifaa, atangaze, atoke kwenye kikao wakati wa kuchagua muuzaji, na muhtasari uandike kwamba alitoka.

Ruzuku inaweza kumlipa kocha? – Mchezaji wa zamani

Mara chache. Ruzuku ndogo nyingi ni za kitu cha mara moja: vifaa, ukarabati, mafunzo. Mishahara, kodi ya pango na umeme wa kila mwezi huachiwa klabu. Kozi ya kumpatia kocha cheti hukubalika kirahisi zaidi, basi ombeni hiyo. Kuna serikali zinazopitia upande wa mtoto badala ya klabu. Ufaransa ilianzisha mpango wa Pass'Sport mwaka 2021, wakati huo ukipunguza yuro 50 kwenye ada ya uanachama kwa watoto na vijana waliotimiza masharti. Kama kwenu kuna kitu cha namna hiyo, ada inayoingia inaweza kumlipa kocha bila kuvunja sharti lolote.

Fomu inauliza sera ya ulinzi wa watoto. Tuandike nini? – Kocha wa watoto

Andikeni mnachofanya kweli, na kama hamfanyi, anzeni leo kabla ya kufikiria fomu. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Kila anayefundisha awe amechunguzwa kwa utaratibu wa nchi yenu. Awepo mtu anayejulikana kwa jina, asiye kocha mkuu, ambaye mtoto au mzazi anaweza kumwambia jambo, na wote wajue akishaambiwa analipeleka wapi. Ukurasa mmoja unaofuatwa unawalinda watoto kuliko kurasa kumi zilizonakiliwa.

Fedha imeingia, lakini bei zimepanda. Tupunguze idadi ya vifaa? – Mhazini, kuogelea

Msipunguze kimya kimya. Mwandikieni ofisa wa mfuko kabla ya kununua: bei ya zamani, bei mpya, mnachopendekeza. Subirini jibu la maandishi na mlihifadhi pamoja na mkataba. Makubaliano ya simu hayaonekani kwenye ukaguzi.

Tumemaliza mradi, imebaki fedha kidogo. Tunaweza kununulia jezi? – Mhazini, mpira wa kikapu

Ulizeni kwanza, kwa maandishi, kama katika swali lililotangulia. Jezi hazikuwa kwenye mkataba, na kwa hesabu za mfuko hilo ni matumizi yasiyoidhinishwa hata kama kila senti imekwenda kwa wachezaji.

Wakati mnasubiri jibu, fungeni hesabu. Pangeni risiti kwa tarehe, kila moja na namba yake inayolingana na mstari wa bajeti. Zile za karatasi ya mashine hufifia baada ya miezi michache, kwa hiyo zipigeni picha au nakala siku ile ile mnayozipokea. Wekeni picha ya kila kifaa kikiwa mahali pake. Taarifa ipelekwe kabla ya tarehe ya mwisho hata kama jibu la jezi halijafika, kwa sababu klabu yenye taarifa inayodaiwa kwa kawaida haipokelewi dirisha linalofuata. Wakikataa, rudisheni baki kwenye akaunti waliyoitaja na mhifadhi hati ya benki kwenye jalada la mradi.