Maswali na majibu: Vishada vya nyota vilivyofichwa na vumbi

Maswali ya safari hii yametoka Arusha na Moshi, na karibu yote yanahusu vishada vya nyota vichanga na vizito ambavyo darubini ya kawaida haivioni ila ya infraredi (mwanga wa mawimbi marefu usioonekana kwa macho) inaviona. Tumeyafupisha bila kubadilisha maana.

Mnaposema kishada "kichanga na kizito" mna maana gani? Kilimia nacho kimo? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Moshi)

Kilimia hakimo. Kina nyota nyingi kuliko zile sita au saba unazohesabu kwa macho, lakini ukizijumlisha zote unapata masi kama mara 800 ya Jua tu, na umri wake umepita miaka milioni 100. Vishada vizito vinaanzia masi 10,000 za Jua kwenda juu, na vichanga tunavyovizungumzia hapa havijafika miaka milioni 20 au zaidi kidogo. Umri ndio unaobana. Nyota yenye masi 40 za Jua humaliza maisha yake katika miaka milioni 5 hivi, kwa hiyo ukitaka kuiona ikiwa hai lazima uikute kwenye kishada kilichozaliwa juzijuzi. Na vishada vya namna hiyo huzaliwa kwenye bapa la Njia Nyeupe, mahali penye vumbi zito kuliko kote.

Barabara ya vumbi ikitimka hatuoni kitu. Iweje infraredi ipite kwenye vumbi la angani? (Dereva wa watalii, Arusha)

Kwa sababu si vumbi la aina moja. Chembe za barabarani ni kubwa, mikromita kadhaa hadi makumi, na huzuia rangi zote karibu sawasawa. Chembe zilizo kati ya nyota ni ndogo, nyingi zikiwa kama sehemu ya kumi ya mikromita. Mwanga tunaouona kwa macho, wa mikromita 0.4 hadi 0.7, hunaswa nazo vibaya. Mawimbi marefu ya mkanda unaoitwa K, karibu mikromita 2.2, hupita kwa urahisi zaidi.

Ukitaka kuipima tofauti hiyo, chukua kishada cha Arches, karibu na kitovu cha galaksi yetu. Kwa mwanga wa kawaida vumbi linapunguza mwangaza wake kwa magnitudi 30 hivi (magnitudi ni kipimo cha mwangaza; namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu). Magnitudi 5 ni mara 100, basi magnitudi 30 ni mara trilioni moja: hakuna darubini itakayokusaidia hapo. Kwenye K upungufu ni magnitudi 3 hivi, yaani mara 16 tu. Ndiyo maana Arches hakikujulikana hadi miaka ya 1990, vipokezi vya infraredi vilipokuwa vizuri vya kutosha.

Tuna kamera ya joto ya kuonea wanyama usiku. Tukiielekeza juu tutaviona vishada hivyo? (Dereva huyohuyo)

Hapana, kaka. Kamera hizo hufanya kazi kati ya mikromita 8 na 14, ambako hewa yenyewe, lenzi na hata mwili wa kamera vinang'aa kwa joto lao. Mwanga hafifu wa nyota humezwa. Wanaastronomia hupoza vipokezi vyao hadi nyuzi karibu 200 chini ya sifuri, na kwa mawimbi marefu zaidi huipeleka darubini angani kabisa, kama ilivyofanyika kwa Spitzer mwaka 2003 na James Webb Desemba 2021.

Nina kompyuta mpakato na bando la kawaida, sina darubini. Naweza kufanya kitu cha maana? (Mwalimu wa fizikia, Moshi Vijijini)

Unaweza, mwalimu, tena na darasa zima. Anza na kishada kinachojulikana ili uone jibu sahihi linavyofanana kabla hujaanza kuwinda. Chagua Westerlund 1, alichokigundua Bengt Westerlund mwaka 1961 kwenye kundinyota la Madhabahu. Fungua Aladin Lite, ramani ya anga ya mtandaoni, kwenye kivinjari, andika jina hilo, weka uwanja wa dakika 10 za tao (dakika ya tao ni sehemu ya 60 ya digrii). Tazama kwanza picha ya DSS, ambayo ni ya mwanga wa kawaida, halafu weka ya rangi ya 2MASS, ambayo ni ya infraredi. Kwenye ya kwanza kuna nyota chache nyekundu zilizofifia. Kwenye ya pili rundo linajitokeza lenyewe.

Picha inavutia, lakini kazi iko kwenye orodha ya vipimo. Nenda VizieR, hazina ya katalogi za nyota mtandaoni, tafuta katalogi II/246. Hiyo ndiyo 2MASS, upimaji wa anga lote uliofanywa kati ya 1997 na 2001 kwa darubini mbili za mita 1.3, moja Arizona na nyingine Chile. Omba nyota zote zilizo ndani ya dakika 3 za tao kutoka 16h 47m 04s, −45° 51′. Safu wima unazohitaji ni nafasi, Jmag, Hmag, Kmag (magnitudi kwenye mikanda ya J, H na K; J na H ni ya mawimbi mafupi kuliko K) na Qflg. Faili ni dogo; kinachokula bando ni picha za FITS (muundo wa faili wa wanaastronomia), na kwa hatua hii huzihitaji. Angalia tu kikomo cha matokeo: VizieR hukupa mistari 50 usipobadilisha, na mtu akachora grafu ya nyota 50 akidhani amechora kishada kizima.

Kisha chukua uwanja wa kulinganishia wenye ukubwa uleule. Westerlund 1 kipo kwenye longitudo ya galaksi 339.5 na latitudo −0.4, sogea nusu digrii kwenye longitudo, latitudo usiiguse, kwa sababu wingi wa nyota na vumbi hubadilika haraka ukipanda au kushuka kutoka kwenye bapa. Fungua faili zote mbili kwenye programu ya TOPCAT, ambayo ni ya bure ila inahitaji Java. Mlalo weka J−K (tofauti ya magnitudi hizo mbili, inayoonyesha wekundu wa nyota), wima weka K huku mhimili ukiwa umegeuzwa ili nyota angavu zikae juu. Nyota za karibu nasi zitajipanga kwenye mstari wa kushoto, J−K kati ya 0.3 na 1. Nyota za kishada zitasimama kama ukanda mwingine upande wa kulia, kuanzia karibu 1.5 hadi 2, ukanda ambao kwenye uwanja wa kulinganishia hautauona hivyo.

Hapa pana mtego unaowanasa hata wazoefu. Safu ya Qflg inaeleza ubora wa kipimo kwa J, H na K, na mazoea ni kubakiza AAA tu, yaani A (bora) kwa zote tatu. Lakini nyota angavu kuliko magnitudi 4 hivi kwenye K zilikijaza kipokezi, vipimo vyake vikapewa C au D. Ukichuja kwa mazoea unawatupa vigogo wa kishada, wale hasa uliokuja kuwatafuta. Ziangalie moja moja kabla ya kuzifuta.

Baada ya hapo kokotoa Q = (J−H) − 1.8 × (H−K). Uzuri wa namba hii ni kwamba vumbi haliibadilishi, au huibadilisha kidogo sana. Nyota ya moto sana hutoa Q karibu na sifuri. Majitu mekundu ya kawaida, yaani nyota baridi zilizozeeka na kuvimba, hutoa 0.4 hivi. Nyota yenye J 10.0, H 9.2, K 8.8 ina Q ya 0.08: inawezekana ni ya moto, imegeuzwa nyekundu na vumbi. Yenye J 12.0, H 10.4, K 9.7 ina 0.34, na hiyo huenda ni jitu jekundu lililo njiani tu. Tumesema "inawezekana" na "huenda" kwa makusudi, maana nyota zinazozungukwa na vumbi lao wenyewe hushuka chini ya sifuri na kuvuruga hesabu.

Nimepata rundo ambalo halimo kwenye orodha. Ndani ya duara kuna nyota 60, pembeni duara kama hilo lina 40. Nimegundua kishada? (Msomaji, Tengeru)

Bado, ndugu. Kipeuo cha pili cha 40 ni 6.3, kwa hiyo nyongeza yako ya 20 ni kama mara tatu ya mtikisiko wa kawaida. Kwa sehemu moja uliyoichagua kabla ya kutazama, hiyo ni nzuri. Kama umepekua maelfu ya sehemu ukaleta iliyokupendeza, bahati peke yake inaweza kukupa rundo kama hilo mara kadhaa.

Hatari kubwa zaidi ni tundu kwenye vumbi. Mawingu meusi yakizunguka sehemu yenye vumbi pungufu, nyota za nyuma huonekana zimerundikana hapo, kama watu wanaoonekana kwenye uwazi wa ua wa michongoma ilhali wamejaa nyuma ya ua wote. Kipimo chake ni rangi. Kwenye tundu, nyota za ndani huwa na wekundu pungufu kuliko za pembeni na J−K zao hutawanyika, kwa kuwa zipo kwenye umbali mbalimbali. Kwenye kishada cha kweli rangi hukusanyika.

Angalia pia mipaka ya chombo. Pikseli za 2MASS zilikuwa za sekunde 2 za tao (sekunde ya tao ni sehemu ya 60 ya dakika ya tao), na nusu ya Arches imebanana kwenye sekunde kumi hivi kutoka katikati, kwa hiyo nyota kadhaa huhesabiwa kama moja. Ukihamia kwenye upimaji wa VVV, uliofanywa na darubini ya VISTA ya mita 4.1 huko Paranal kuanzia 2010, unapata ukali zaidi, ila nyota angavu kuliko magnitudi 11 au 12 kwenye K huharibika kwa kujaa. Tumia 2MASS kwa angavu na VVV kwa hafifu.

Na usikate tamaa ukiambiwa ulichonacho ni cha kudhaniwa tu. Picha za Spitzer zilitoa orodha ya vishada 92 vya kudhaniwa mwaka 2005, na VVV ikatoa 96 mwaka 2011. Kuvithibitisha ni kazi ya mlolongo mrefu, na si vyote vinavyopona.

Nimesoma kwamba vishada vya kundinyota la Ngao vimejaa majitu mekundu. Nyekundu si dalili ya uzee? (Mwanafunzi wa chuo, Arusha)

Kwa Jua ndiyo, litakuwa jitu jekundu likishazeeka. Majitu makuu mekundu ni jamii nyingine: yanatokana na nyota za masi 10 hadi 25 za Jua, ambazo hufika hatua hiyo zikiwa na miaka kama milioni 7 hadi 20. Tena hatua yenyewe ni fupi, kwa hiyo kuyakuta mengi pamoja kunaashiria kishada kizito sana. Kati ya vishada vya Ngao, RSGC1 kina 14, RSGC2 kina 26. Kwa kulinganisha, vishada vingi vya kawaida havina hata moja.

Uthibitisho hutoka kwenye spektra, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi. Nyota baridi huonyesha ukingo mkali wa gesi ya CO (monoksidi ya kaboni) kuanzia mikromita 2.293, nyota za moto huonyesha mstari wa hidrojeni kwenye 2.166 na wa heli kwenye 2.112. Spektra hiyohiyo hutoa kasi. RSGC1 inatembea kwa takriban kilomita 123 kwa sekunde na RSGC2 kwa 109, kila moja nyota zake zikikubaliana kwa kilomita chache. Vishada hivyo ni majirani angani, na bila kasi ungeweza kuvichanganya. Kwa maoni yetu kishada kisicho na spektra hata moja kisiitwe kishada.

Nina darubini ya inchi 8 na kamera ya DSLR. Nianzie wapi? (Msomaji, Usa River)

Kipokezi cha silikoni hakioni zaidi ya mikromita 1.1, kwa hiyo K isahau na Arches isahau. Westerlund 1 kinawezekana: nyota zake angavu, zilizofifia hadi magnitudi 14 na zaidi kwa mwanga wa kawaida, hukaribia 9 kwenye mikromita 0.8. Kamera iondolewe kichujio chake cha kuzuia infraredi, uweke kinachopitisha kuanzia mikromita 0.7 hivi. Piga picha nyingi za sekunde 30 na uziunganishe, usipige moja ndefu. Kutoka Arusha kishada hupanda hadi digrii 47 upande wa kusini. Katikati ya Julai hufika hapo karibu saa 3 na dakika 45 usiku, na huwahi kwa dakika 4 kila siku. Urekebishe fokasi ukishaweka kichujio, kwa sababu lenzi haikusanyi infraredi mahali pamoja na mwanga wa kawaida. Wengi wanaopata nyota zenye ukungu wamesahau hilo.

Ukitaka kishada kizito bila taabu ya vumbi, subiri Januari utafute R136 ndani ya Wingu Kubwa la Magellan. Kipo mbali, miaka ya nuru 160,000 hivi, lakini njia ni safi. Hakipandi zaidi ya digrii 24, kwa hiyo tafuta mahali palipo wazi kusini.

Kwa nini darubini ya infraredi isijengwe Kilimanjaro? (Msomaji, Marangu)

Urefu unasaidia, kwa sababu mvuke wa maji ndio unaofunga madirisha ya infraredi na mwingi hubaki chini. Ila Paranal ina mita 2,635 tu na inafanya vizuri, kwani jangwa la Atacama ni kavu na mawingu ni ya nadra. Mlima wetu unasimama peke yake katikati ya hewa yenye unyevu, na jioni nyingi mawingu yanakuwa bado yameuzunguka. Juu ya hapo ni hifadhi ya taifa.

Nikipata kitu, nikipeleke vipi? (Msomaji wa Tengeru tena)

Kwanza tafuta nafasi hiyo kwenye SIMBAD, hifadhidata ya mtandaoni ya vitu vya angani, kwa duara la dakika 5 za tao. Mengi hufia hapo. Kikipita, andaa nafasi ya katikati kwa J2000 (mfumo wa kawaida wa viwianishi vya anga), kipenyo, orodha ya nyota na vipimo vyake, na grafu ya uwanja wa kulinganishia. Ukipeleka picha nzuri peke yake hutajibiwa.